Namba Isiyokubali Kisu

Jumatano asubuhi Kaswera aliketi mlangoni pa kibanda chake, kipande cha sabuni mapajani, akakaza uzi wa nailoni kati ya vidole vyake ili akikate katikati. Nusu ilikuwa yake, nusu ya jirani yake, mzee Katsuva, fundi nguo aliyekimbia vita na mkasi akaacha cherehani. Uzi ulipita ndani ya sabuni toka juu mpaka chini, ukatokea upande wa pili. Sabuni ikabaki nzima. Akarudia. Uzi ukapita tena, na sabuni ikajifunga nyuma yake kama maji yanavyojifunga nyuma ya bata.

"Uzi yako imezeeka," Katsuva alisema.

"Apana, muzee. Sabuni njo haitaki."

"Basi ufue nguo yako na yangu."

Akafua za wote wawili, akaanika.

Kambi yao ilikuwa pembeni mwa Bunia, pale ambapo pikipiki za abiria hugeuza kwa sababu barabara imechoka kuwa barabara. Watu walitoka vilima vya Djugu, kila mmoja na alichoweza kubeba. Kaswera alibeba binti yake Chancelle, maana yake alimshika mkono na hakumwachia mpaka walipoona taa za mji. Mwenyewe alizaliwa Butembo, akaolewa huko vilimani, akafundisha hesabu kwenye shule ya sekondari miaka mingi hata wanafunzi wake wakaanza kumletea watoto wao. Leo shule ile haina bati wala kengele. Kambini bado walimwita Mama Prof.

Sabuni haikuwa ya kwanza. Mambo yalianza siku shirika la chakula lilipohesabu watu. Mkuu wa ugawaji, kijana mpole aitwaye Alexis, alipanda juu ya gari na megafoni, akatangaza kwamba kambi ina watu dix mille sept, na kwamba hesabu imefungwa, asije mtu tena na binamu yake. Yaani 10 007. Tangu saa ile hakuna kitu kilichogawanyika sawa ndani ya ua wa kambi. Turubai lililochanwa katikati lilishikana lenyewe. Wake wawili wa Assani, waliokuwa wamegawana kibanda kwa pazia ili wasionane, waliamka wakakuta pazia limejikunja pembeni na wao wanatazamana. Unga wa mgao uliopita, ukimiminwa katika mabeseni, ulirudi guniani taratibu, wala haukumwagika.

Watu hawakupiga kelele. Aliyeona nyumba yake ikiungua na ng'ombe wake wakipelekwa na watu asiowajua hasumbuliwi na unga. Waliazima masufuria makubwa ya parokia, wakapika bugali moja, wakaizunguka, na kila mtu akachota kwa mkono wake. Wenye mikono mirefu walishiba. Watoto na wazee walipata mvuke. Katsuva, ambaye mkono wake wa kulia uligoma tangu zamani kunyooka, alikonda hadi suruali ikafungwa kwa kamba.

Kaswera hakuhitaji kuambiwa kwamba kosa liko kwenye namba, lakini mwalimu ni mwalimu. Alichukua mkaa na ubao wa kasha la mafuta, akaijaribu namba ile kwa mbili, kwa tatu, kwa tano, kwa saba, akapanda hivyo hivyo mpaka tisini na saba, ambayo ilibakisha kumi na sita. Zaidi ya hapo hakuna haja ya kujaribu. Akajifuta mkaa kwenye kitenge, akaenda kwenye hema la shirika.

"Chef, hii namba yako ni premier. Haigawanyike na kitu, ila na moja na yenyewe."

"Minajua, Mama Prof," Alexis alisema. "Nami nilisomaka. Niliijaribu na telefone."

"Ata ukatupange wawili wawili, itakataa."

"Wawili haiko shida yangu. Shida yangu iko vingt-quatre."

Akamweleza. Shirika lilipanga watu kwa mistari ya ishirini na nne, kila mstari na rundo lake la chakula. Mashini yake, ile anayotembea nayo kifuani, haikubali kufungua ugawaji mpaka kila mstari utimie. Mistari yote ilikuwa imetimia, isipokuwa wa mwisho, uliokuwa na watu ishirini na watatu. Alimpeleka akauone. Mwisho wa mstari palikuwa na nafasi ya mtu mmoja, na nyasi zake zilikuwa zimelala kama zilizokanyagwa. Kuku walipofika hapo walizunguka.

Walijaribu kuijaza. Alexis mwenyewe alisimama hapo na kofia yake ya kazi, mashini ikajibu kwamba huyu anakaa Mudzipela na ana mshahara. Wakamwita Dady, dereva wa pikipiki aliyekuwa anangojea abiria getini, akasimama kwa heshima kama mtu anayepigwa picha ya kitambulisho, mashini ikasema huyu alishahesabiwa kwenye mtaa wake. Assani akaleta mbuzi. Mashini ikaandika: mbuzi.

"Kila mutu mu Bunia anahesabiwa fasi yake," Alexis alisema, akipangusa jasho. "Inaomba mutu mupya. Mupya kabisa."

Watu wote wa mstari wa mwisho wakageuka kumtazama Chancelle, aliyekuwa amesimama kando na mikono kiunoni, tumbo mbele.

Kuanzia hapo mimba ile ilikuwa ya kambi nzima. Mume wa Chancelle alikuwa anachimba dhahabu upande wa Mongbwalu na hakujua kwamba mkewe amepata waume wengi hivyo wa kumchotea maji. Wanawake walimkataza kuinama. Sufuria ilipoiva walimpisha mbele. Vijana walipopita waliligongea tumbo hodi. "We uko mule, toka! Tunangojea bugali!" Na Chancelle alicheka, kwa sababu alikuwa na miaka ishirini, na tangu vilimani hakuna aliyemfurahia hivyo. Kaswera naye alifurahi. Alifurahi mpaka akaogopa, kwa sababu kitu kinachongojewa na watu elfu kumi ni kizito kwa tumbo moja.

Uchungu ulianza saa nane mchana. Jeannine, mkunga wa kambi, aliteremsha turubai la mlango. Nje Alexis alipanga mistari yake, akaweka magunia mbele ya kila mmoja, akashika mashini na kidole kikiwa tayari juu ya kioo. Hata pikipiki za barabarani zilizima moto.

Mtoto wa kwanza alilia. Akawa 10 008.

Namba hiyo, Kaswera aliipiga kichwani huku ameshika bega la bintiye, inakubali mbili na tatu na nne na sita na nane na tisa na kumi na mbili na ishirini na nne. Ni namba ya mtu mkarimu, vigawanyo vyake ukivijumlisha vinaizidi yenyewe. Nje, kila kitu kilichokuwa kimeshikana kikaachia mara moja. Magunia yalifunguka. Unga ulikaa ndani ya mabeseni, kila beseni sawa na jirani yake. Pazia la wake wa Assani lilishuka lenyewe na kila mmoja akashusha pumzi. Kwenye kibanda cha Kaswera sabuni iliyokuwa mlangoni ilipasuka vipande viwili, kimoja kikaanguka upande wa Katsuva. Watu wakapiga vigelegele, na Alexis akabonyeza mashini. Ikafunga hesabu.

"Mama Prof," Jeannine alisema ndani, mkono wake ungali tumboni mwa Chancelle. "Kuko mwingine."

Furaha ilimpanda Kaswera hadi kooni, kisha hesabu ikaipita furaha njiani. Aliijua 10 009. Ni ndugu ya ile ya kwanza. Mbili hizo ziko pande mbili za 10 008 kama watu waliobeba kitanda, na hazikubali kisu hata moja. Alimwambia binti yake asukume.

Walikuwa wasichana, Adèle kwanza, kisha Falone. Alexis alifika mlangoni akaambiwa, akawatazama watoto. Hakuwa mtu mbaya. Aliuliza yupi alilia kwanza, akaonyeshwa, akaandika Adèle. Nje watu walikuwa wanapokea unga, mafuta na maharagwe kwa mara ya kwanza tangu hesabu, na hakuna aliyetaka kusikia kwamba kuna mtu zaidi.

Sasa, kwa mama mapasa, yaani aliyezaa mapacha, hupeleki kitu kimoja. Ukileta yai, leta mawili. Ukimbusu mmoja, mbusu na wa pili kabla pumzi haijakwisha, la sivyo yule uliyemruka atashika njia kurudi alikotoka. Hilo hata mtoto wa Bunia analijua. Basi wanawake wa kambi walikuja na vitu viwili viwili. Katsuva alikata kofia mbili kutoka shati lake la Jumapili, akazishona kwa mkono. Kofia ya Adèle ilikaa. Ya Falone ilianguka, ikavishwa tena, ikaanguka tena. Jeannine akamweka Falone kwenye mizani, na mshale ukabaki penye sifuri. Akamwondoa, akaipiga mizani kofi, akamrudisha. Sifuri.

"Haiko mu hesabu," Jeannine alisema, akamfunika.

Ilikuwa hivyo. Mbu walimuuma Adèle wakamwacha pacha wake. Turubai lao lilivuja, na mvua ya Ituri ikinyesha hainong'oni, lakini matone yalianguka pande zote za Falone bila kumgusa. Watu walisema angalau yeye hatapata malaria. Chancelle hakuwa na maziwa ya kutosha wawili. Zahanati ilimpa kopo moja la unga wa maziwa, la Adèle. Alipoyakoroga na kuyamimina katika vikombe viwili, kikombe cha pili kilibaki kikavu na cha kwanza kikajaa. Njaa peke yake ndiyo haikuwa imesoma mashini. Ilimwona Falone vizuri kabisa. Ilimliza asubuhi, ikamliza mchana, na kila siku Kaswera alipompokea mikononi alimhisi amepungua.

Alirudi kwa Alexis.

"Chef, andika mutoto wangu."

Alexis alimpa kiti. Alimwonyesha mashini, ingawa alijua kwamba anajua. "Nikimuandika, inakuwa dix mille neuf. Nayo ni premier. Bitu yote inajifunga tena. Unakumbuka muzee Katsuva alikuwa namna gani?"

"Ninakumbuka."

"Batu dix mille huit banakula, Mama Prof. Unataka nibaambie bote bakose juu ya mutoto moja?"

Kaswera alikuwa amefanya hesabu hiyo pia, ndiyo iliyokuwa inamchoma. Alikuwa amefundisha darasa zima kwamba namba haina huruma wala haina chuki. Alipenda kuwaambia hivyo, na chaki mkononi. Sasa alikuwa mbele ya kijana mwenye adabu anayemrudishia somo lake mwenyewe, na alitamani kumpiga kibao.

"Namba ingine nzuri iko wapi?" Alexis aliuliza, kwa kutaka kusaidia kweli.

"Dix mille trente-deux, elfu kumi na thelathini na mbili. Tunapungukiwa ishirini na tatu."

Aliporudi akamwambia Chancelle. Chancelle alikuwa amelala ubavu, mtoto kila upande. "Nizae ishirini na tatu tena?" alisema. "Hawa wawili bananimaliza." Kisha akalia, na Kaswera akakaa naye mpaka alipomaliza kulia.

Jumapili baada ya misa Kaswera alisimama mbele ya watu akauliza kama kuna mtu anayepanga kurudi kwao, amwachie Falone nafasi. Aliuliza kwa sauti ya darasani ili wa nyuma wasikie. Assani alisema kwao kuna watu wengine ndani ya nyumba yake, na wana bunduki. Mwanamke mmoja alisema yeye anaweza kwenda kwa dada yake Aru, kisha akakumbuka kwamba barabara ya Aru haipitiki wiki hiyo. Hakuna aliyesema uongo. Walimwimbia wimbo wa mapasa, ule wa matusi ya kuchekesha ambao huimbwa hata mbele ya padri, wakatawanyika kwenda kupika mafungu yao yaliyolingana.

Jumatatu akarudi hemani. Hakukaa kwenye kiti.

"Nitoe miye," alisema.

Alexis aliweka kikombe chake cha chai chini. "Uende wapi?"

"Siendi fasi. Nitoe, uandike Falone."

Alexis aliinamia mashini. "Inaomba sababu," alisema. "Iko tatu. Alirudi kwao. Alikufa. Ao ilikuwa kosa, hakukuwaka."

"Kwetu sikurudi."

"Ndiyo."

"Na sikufa, unaniona hapa."

"Ninakuona, Mama Prof."

"Basi weka kosa."

Kidole cha Alexis kilikaa hewani. Alisema polepole, bila kumtazama, kwamba angeweza kuandika kwa wakubwa wake wa Kinshasa kuuliza kama mistari inaweza kuwa ya idadi nyingine. Angeweza kuandika leo. Wangejibu baada ya mvua.

"Mutoto hafiki mwisho wa mvua," Kaswera alisema.

Alexis akabonyeza. Kisha akaandika jina la mtoto, herufi moja moja, akauliza kama ni Falone yenye e mwishoni. Kaswera akamwambia ndiyo. Kambi ilikuwa na watu 10 008, kama asubuhi, na nje hakuna beseni lililotikisika.

Alipofika kibandani Jeannine alikuwa amemweka Falone kwenye mizani. Mshale ulipanda mpaka penye kilo mbili kasoro, ukatulia. Chancelle aliumimina ule unga wa maziwa uliokorogwa, na vikombe viwili vikajaa sawa. Kofia ya shati la Jumapili ilikaa kichwani. Jioni hiyo mbu alimuuma Falone kwenye shavu, na mama yake akacheka kwa sauti, akaita watu waje waone uvimbe.

Kaswera alijipima pia, kwa kutaka kujua. Sifuri. Mvua iliponyesha alisimama katikati ya uwanja na nywele zake zikabaki kavu. Mtu akaona hiyo ni nafasi, akampa rundo la kuni alishike zisilowe; kuni zikalowa mikononi mwake. Kwenye ugawaji, bintiye alichota unga kutoka fungu lake akammiminia, na unga ukarudi ulikotoka, taratibu, bila kumwagika. Kaswera akawa anaondoka asubuhi kwenda kuchuma lengalenga kwenye mifereji ya Nyakasanza, mboga ambayo haikuwa ya shirika na haikuwa ya mtu, akaichemsha bila chumvi. Haikutosha. Njaa ilimpata bila kuuliza njia. Chancelle alimwona akifunga kitenge mara mbili kiunoni pale alipokuwa akifunga mara moja, akageuza uso, na hapakuwa na cha kusema ambacho hakikuwa kimesemwa na vikombe vile viwili.

Alexis aliandika kwa wakubwa. Jibu lilikuja mapema kuliko alivyotarajia. Waliipongeza kambi kwa hesabu yake nzuri, wakaagiza idadi isibadilike.

Ilikuwa mwisho wa mwezi, mvua kubwa, mchana. Kaswera alikuwa ameketi kwenye benchi la mbao mbele ya zahanati, nje ya paa, kwa kuwa kwake yeye paa halikuwa na kazi. Pembeni yake, chini ya paa linalovuja, aliketi mzee Katsuva, amelowa bega moja. Alikuwa amenona kidogo. Suruali haikuhitaji kamba tena. Mbele yao turubai la mlango lilikuwa limeteremshwa. Ndani, mke mdogo wa Assani alikuwa anaumwa uchungu, na Jeannine alikuwa anamwambia apumue. Wiki hiyo hakuna aliyekufa, wala aliyeacha nafasi kwenye hesabu.

Wazee wengine walikuwa wamesimama ukutani. Kila mama yule alipolia ndani, walitazamana, kisha wakatazama mvua.

Katsuva alivua mkasi wake shingoni, ule aliokimbia nao, akauweka mfukoni, akautoa tena. Mwishowe akaunyoosha kwa Kaswera.

"Uwawekee mapasa," alisema. "Mkasi ni moja, ila iko na visu viwili."

"Aksanti, muzee."

Ndani mama yule akalia kwa nguvu zaidi, na Jeannine akasema kichwa kinaonekana. Katsuva aliangalia mahali pakavu kwenye benchi, pale Kaswera alipoketi.

"Mama Prof. Hapo kwako, mvua hainyeshe?"

"Hainyeshe."

"Na njaa?"

"Njaa iko."

Katsuva akaitikia kwa kichwa, kama mteja aliyesikia bei ambayo alikuwa ameikisia. Akakusanya koti lake.

"Nisogezee kidogo," alisema.

Kaswera akasogea.